Umeme wa Nyumba Yako Unaliwa na Nini?

Usiku mmoja mama alifika hospitali na mtoto wake wa miaka 4 mgongoni. Mkono wa mtoto na upande mmoja wa kifua vilikuwa vimeungua. Taa ya petroli iliangushwa juu ya mkeka, mafuta yakamwagika, moto ukashika nguo yake. Tulisafisha vidonda, tukampa dawa ya maumivu, naye akalala. Asubuhi tulikaa na mama, tukamwuliza habari za nyumbani. Akasema, "Munganga, kwetu kuna umeme. Lakini ulikuwa umekwisha toka saa kumi ya mchana."

Tukamwuliza, "Ulikwisha namna gani?" Akaeleza kwamba baba ya watoto ananunua umeme kila mwanzo wa juma, na kila juma unakwisha mbele ya siku yake. Kwa sababu hii baba aliondoa ampuli mbili, akabakiza moja tu. Aliwakataza watoto kufungua radio. Lakini kila siku maharagi yalipikwa juu ya resho ya umeme, saa tatu nzima, na wakati mwingine zaidi.

Watu hawa hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wapotezaji. Walijitahidi sana kubana mali yao. Shida yao ni moja: hawakujua umeme wao unakwenda wapi. Walifanya kama mtu anayeziba tundu la panya na kuacha mlango wa ghala wazi. Ndiyo maana tumeona vema kuweka somo hili katika kitabu cha afya. Wengine watasema, "Mambo ya umeme ni ya fundi." Sisi tunaofunga vidonda vya moto hatukubali.

(Na mbele ya kuendelea, neno moja kwa wazazi: mtoto akiungua, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi, yakitiririka polepole, kwa dakika 20. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala yai. Funika kwa kitambaa safi, umlete.)

WATI NA SAA

Juu ya kila chombo cha umeme, nyuma au chini yake, kuna karatasi ndogo au maandishi yaliyochorwa. Tafuta tarakimu yenye herufi W. Hizo ndizo wati. Ampuli yaweza kuandikwa 9 W, resho 1000 W.

Fikiri juu ya bomba la maji na bidoni yako. Wati ni ukubwa wa mdomo wa bomba. Bomba lenye mdomo mpana linatoa maji mengi kwa dakika moja. Bomba jembamba linatoa kidogo. Lakini huwezi kujua bidoni itajaa kiasi gani mpaka ujue vilevile bomba limeachwa wazi muda gani. Basi ni hivyo na umeme. Chukua wati za chombo, zidisha kwa saa kilizofanya kazi, utapata wati-saa. Wati-saa 1000 zinaitwa kilowati-saa moja, na hiyo ndiyo bidoni inayouzwa. Ile mashine ya ukutani, ambayo watu wa mji wanaiita kompteri, inahesabu bidoni hizo tu. Haijui kama ulipika, au ulisoma, au ulisahau taa ikawaka usiku kucha.

Vyombo vingine havikuandikwa W, vimeandikwa A tu, maana yake amperi. Zidisha amperi kwa 220, ambayo ndiyo volti ya nyumba zetu. Chombo chenye amperi nusu kinakula wati 110.

Sasa tufanye mfano. Ampuli ya LED ya wati 9 inawashwa toka saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa tano ya usiku. Ni saa 5. Mara 9, ni wati-saa 45. Ampuli ya zamani, ile yenye uzi unaong'aa ndani na kuunguza vidole, inatoa mwangaza karibu sawasawa lakini inakula wati 60. Kwa saa zilezile 5 ni wati-saa 300. Kwa siku 30 ya kwanza inakula kilowati-saa moja na kitu, ya pili kilowati-saa 9. Ukiwa bado na ampuli za uzi, zibadilishe. Bei ya ampuli mpya itarudi.

JOTO NDILO MLAJI

Hapa ndipo kiini cha somo, basi soma polepole.

Chukua litre moja ya maji ya kawaida, uichemshe. Hata kama joto lote lingeingia ndani ya maji na hakuna lililopotea, kazi hiyo peke yake ingekula karibu sehemu ya kumi ya kilowati-saa moja, maana yake wati-saa 90 au 100. Kwa umeme uleule, ampuli ya wati 9 ingewaka saa 10 na zaidi. Mtoto angesoma masomo yake usiku mbili kwa bei ya chai ya birika moja dogo. Na resho haitoi joto lote kwa maji. Nyingi linapotea pembeni, hasa kama sufuria ni ndogo kuliko resho, au haina kifuniko.

Kwa nini ni hivyo? Mwangaza na sauti ni kazi nyepesi. Kupasha maji, chuma, au chakula ni kazi nzito, na umeme hauna njia ya mkato. Tena kuondoa joto, yaani kufanya baridi, ni kazi ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo ukiingia katika nyumba yo yote, usitazame kwanza taa. Uliza: ni chombo gani hapa kinachopasha moto, na ni kipi kinachofanya baridi?

Sasa tuhesabu nyumba moja ya mji, nyumba ya baba na mama na watoto watano. Tufikiri ina ampuli 4 za wati 9, zikiwaka saa 5: wati-saa 180. Radio ya wati 10 inaimba saa 6: wati-saa 60. Televizio ya wati 60 kwa saa 4: wati-saa 240. Telefone tatu zikipewa nguvu kila siku hazipiti wati-saa 45 zote pamoja. Watu wanaogombana nyumbani juu ya shaja wagombane juu ya jambo lingine. Jumla ya vitu hivi vyote ni wati-saa 525, karibu nusu tu ya kilowati-saa moja kwa siku. Kwa mwezi ni kama kilowati-saa 16.

Kisha kuna frigo. Imeandikwa wati 120, lakini mota yake haifanyi kazi siku nzima. Inawaka, inapumzika, inawaka tena. Tukisema inafanya kazi saa 8 katika saa 24, ni wati-saa 960. Kwa mwezi ni karibu kilowati-saa 29. Unaona kwamba frigo peke yake imeshinda taa, radio, televizio na telefone vyote vikiungana.

Pasi ni wati 1000. Inajizima na kujiwasha yenyewe, basi katika saa moja ya kunyosha nguo yaweza kula nusu ya kilowati-saa. Mara mbili kwa juma ni kilowati-saa 4 kwa mwezi. Kunyosha nguo zote siku moja ni bora kuliko kupasha pasi kila asubuhi kwa ajili ya shati moja.

Mwisho resho. Wati 1000 kwa saa 3 ni wati-saa 3000, yaani kilowati-saa 3 kila siku. Kwa mwezi ni 90.

Jumlisha: 16, na 29, na 4, na 90. Ni kilowati-saa 139 hivi. Resho imekula karibu mbili ya tatu za yote. Sasa rudi kwa baba yule aliyeondoa ampuli mbili. Kama zilikuwa za LED, aliokoa wati-saa 90 kwa siku. Resho ilizila katika dakika zisizofika 6. Yeye akanunua giza, na giza likaleta taa ya petroli juu ya mkeka.

Nyumba yako si nyumba hii. Andika vyombo vyako mwenyewe katika daftari, wati zake, na saa zake za kweli. Kisha zidisha jumla kwa bei ya kilowati-saa moja iliyoandikwa kwenye risiti yako. Ni vizuri watoto wa darasa la sita wafanye hesabu hii na wazazi; mara nyingi wao ndio wanaokumbuka televizio iliwaka mpaka saa ngapi.

MAHARAGI YATAPIKWA NA NINI?

Wamama wametuuliza hivi mara nyingi, na swali lao ni la haki. Watu wanapaswa kula.

Kwanza, loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya. Yataiva kwa muda mfupi kuliko yasiyolowekwa. Weka kifuniko. Yakianza kuchemka, punguza moto kama resho yako ina mahali pa kupunguza, kwa maana maji yakichemka kwa nguvu hayapati joto zaidi ya yale yanayochemka polepole. Mvuke tu unaongezeka. Hapa kwetu milimani, kama Goma na Bukavu, maji huchemka mbele ya kufika digrii 100, karibu digrii 95, na ndiyo sababu maharagi yanachelewa kuiva kuliko kule chini. Sufuria ya kufunga mvuke inaondoa shida hiyo. Siku hizi kuna sufuria za mvuke zenye umeme ndani yake, zilizofunikwa vizuri ili joto lisitoke. Zimeandikwa wati 1000 vilevile, lakini zikisha kupata joto zinapumzika, na maharagi ya familia mara nyingi yanaiva bila kupita nusu ya kilowati-saa. Linganisha na kilowati-saa 3 za resho. Mwenye uwezo wa kuinunua, afanye hesabu ya miezi michache aone.

Wengine watarudi kwa makala na mbabula. Hatuwazuii, lakini sikieni: mbabula ipikie nje, au mahali penye hewa nyingi. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Usiingize mbabula katika chumba cha kulala hata usiku wa baridi, hata kama makala yamekuwa mekundu bila moshi. Watu wamelala hivyo na hawakuamka.

Juu ya maji ya kuoga: ndoo ya litre 20, kutoka baridi mpaka joto la mwili, inataka karibu nusu ya kilowati-saa. Watu watano wakioga hivyo kila siku, wamekula kuliko frigo mbili. Ndoo nyeusi yenye kifuniko ikiachwa juani toka asubuhi inafanya sehemu kubwa ya kazi bure. Na kile kifaa cha nyaya mbili wazi, ambacho vijana wanatengeneza na kutia katika ndoo, tunakikataza kabisa. Mkono ukiingia katika maji yale, mtu anaweza kufa hapohapo.

FRIGO NA DAWA

Katika nyumba nyingine frigo ni ya soda. Katika nyumba ya mgonjwa wa sukari frigo ni ya insulini, na hapo mambo yanabadilika. Insulini isiyofunguliwa inapaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8, kama vile chanjo za watoto wetu hospitali. Isigande, ikiganda, itupwe. Familia ya namna hii ihesabu kwanza umeme wa frigo wa mwezi mzima, iuweke kando kama mbegu, kisha ndiyo igawe unaobaki.

Usitie chakula cha moto ndani ya frigo. Usifungue mlango kila mara. Bana kipande cha karatasi mlangoni ukifunga: kama karatasi inateleza bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka na baridi inatoka usiku na mchana. Umeme ukikatika, acha mlango umefungwa. Baridi itadumu karibu saa 4. Ukikatika siku nyingi, chungu kidogo kikiwekwa ndani ya chungu kikubwa, na mchanga wenye maji katikati, kinatunza insulini vizuri kuliko meza ya nyumba. Hakifiki baridi ya frigo, basi mwulize munganga dawa ile itadumu siku ngapi.

VOLTI ZIKISHUKA

Saa moja ya usiku watu wote wa mtaa wanapika. Taa zinakuwa nyekundu. Hii ni kwa sababu volti zimeshuka, pengine kutoka 220 mpaka 160. Resho ya wati 1000 sasa inatoa kama wati 530 tu, karibu nusu. Mama anangoja muda mrefu, joto linapotea pembeni wakati wote huo, na mwisho umeme ulioliwa si mdogo. Mara nyingi ni zaidi. Mota ya frigo nayo inateseka, inapata moto, inaweza kuungua. Ukiweza, pika mchana.

Tena usitie vyombo vingi vya joto katika priza moja. Resho ya 1500, birika la 2000 na pasi ya 1000 ni wati 4500. Gawanya kwa 220, utapata amperi zaidi ya 20. Priza za namna ya Ulaya zimefanywa kwa amperi 16, na waya nyembamba wa kuongezea unaouzwa sokoni hauwezi hata hizo. Waya ukiwa na moto mkononi, au ukinuka, ondoa chombo. Usingoje.

KUPIMA KOMPTERI

Siku moja ambapo kuna nafasi, zima kila kitu nyumbani. Ondoa hata shaja na televizio kwenye priza. Andika hesabu ya kompteri, ngoja saa moja, tazama tena. Hesabu isibadilike. Kama imebadilika, ama umesahau chombo, ama jirani amefunga waya wake kwako, ama umeme unavuja ukutani. Hili la mwisho ni la hatari. Ukuta wa mabati au mlango wa chuma ukikuuma vidole, zima swichi kubwa, uite fundi siku ileile.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima kwanza swichi kubwa. Kama huwezi kuifikia, simama mahali pakavu, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Kama hapumui, mwite mtu wa kusaidia na uanze kumkandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka. Hata akiamka na kusema yuko mzima, mlete hospitali, kwa maana moyo wake unaweza kuwa umeumia.

KWA WASIO NA WAYA

Kongo ina mito yenye nguvu. Maji yanayotoka ziwa Kivu kwa mto Ruzizi yanazungusha mashine za umeme toka mwisho wa miaka ya 1950, na karibu na Rutshuru mtambo wa Matebe ulifunguliwa mwaka wa 2015. Hata hivyo, katika nchi yetu karibu mtu 1 tu kati ya 5 ana umeme. Wengi wenu mnaosoma mna bamba la jua juu ya nyumba, au hamna kitu.

Hesabu ni ileile. Bamba la wati 50 likipata jua kali saa 4 linatoa wati-saa 200. Hizo zinatosha ampuli 3 za LED kwa saa 5 na telefone zote, na kidogo kinabaki. Lakini resho ya wati 1000 ingezimaliza kwa dakika 12. Mwuzaji akikuambia bamba lile litapika chakula cha familia, mwonyeshe hesabu hii.

Na mtu asijione mnyonge akisikia habari za mbali. Huko Marekani nyumba moja inakula zaidi ya kilowati-saa 10,000 kwa mwaka, karibu 29 kila siku. Ukiuliza zinaliwa na nini, jibu ni lile ulilokwisha kujifunza: sehemu kubwa ni kupasha nyumba na maji, na kufanya baridi wakati wa jua.

Mtoto yule alikaa kwetu juma tatu. Siku ya kutoka, baba yake alikuja na daftari ya shule iliyoandikwa wati za vyombo vyake vyote. Ampuli zilikuwa zimerudi mahali pake.

MAULIZO

1. Ampuli moja ya nyumba yako ina wati ngapi? Inawaka saa ngapi kila usiku? Ni wati-saa ngapi?
2. Ni vyombo gani nyumbani kwako vinavyopasha moto au kufanya baridi? Vinakula kiasi gani kwa mwezi?
3. Jirani ana resho ya wati 1500 na anaitumia saa 2 kila siku. Anataka kuondoa ampuli ili aokoe umeme. Utamwonyesha hesabu gani?
4. Mgonjwa wa sukari amenunua kilowati-saa 40 kwa mwezi mzima. Frigo yake inakula 29. Zinabaki ngapi kwa siku moja, na zinaweza kufanya nini?
5. Kwa nini tunakataza mbabula katika chumba cha kulala?